Shangazi Akujibu: Mke wangu haamini kuwa naenda mlimani

*Shangazi, Jumamosi nataka kupanda Mlima Longonot peke yangu. Mke wangu anasema mlima huo una jina la kike na nambari ya simu. Nifanyeje?*

Mpwa wangu, usibishane naye. Mwambie tu akukague viatu ukirudi. Njia ya Longonot ni jivu la volkano, laini kama unga, na halimsazi mtu: huingia kwenye soksi, masikioni, hata chini ya saa ya mkononi. Mwanamume anayerudi na soksi nyeupe hakwenda Longonot, na hapo mimi mwenyewe nitamsaidia mkeo kufunga virago.

Mwachie na ratiba pia. Kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko ni kama saa moja ya kuhema, kisha kuna mzunguko wa kilomita 7 na ushei. Ukienda na kurudi, jumla ni kama kilomita 13. Akijua saa unayotarajiwa kushuka, atajua pia saa ya kuwapigia walinzi wa hifadhi. Wivu wake huo huenda ukakuokoa siku utakapoteguka mguu.

Na mlinzi akikuambia nyati wameonekana njiani, ngojea wapandaji wengine mwongozane. Nyati hana habari kwamba ulikuja kutafuta utulivu wa nafsi.

*Shangazi, nilifika juu, nikapiga picha na kuituma kwa jamaa zangu nikiandika "Kileleni!" Binamu yangu anadai sikufika. Ni wivu?*

Wivu upo, lakini hakukosea. Pale penye picha ni ukingoni tu, ambapo wengi hukaa, hula ndizi, hutazama msitu ulio ndani ya kasoko kisha huteremka. Kilele Ngamia, chenye urefu wa mita 2,776, kiko mbele zaidi kwenye mzunguko huo, na kabla ya kukifikia kuna mwinuko wa kupanda kwa mikono na miguu. Futa maneno, picha ibaki. Au rudi ukamalize kazi.

*Shangazi, nina chupa ya maji ya nusu lita. Itanitosha?*

Haitoshi. Huko juu hakuna mto, hakuna bomba, na kivuli ni cha vichaka vya mleleshwa tu. Beba lita 3, uvae kofia, uanze kupanda kabla ya saa mbili asubuhi.