Mguu Unaosubiri na Mguu Usiosubiri

Mscheew! Naanza na msonyo kwa sababu ndivyo kijiwe chetu cha Gitting kinavyoanza, salamu hufuata baadaye. Hapa chini ya mkaratusi, Mlima Hanang ukiwa umejifunika ukungu kama mzee asiyetaka kutoka blanketini, kuna bodaboda nne, fundi viatu mmoja, banda moja la chai ya maziwa na madaktari wa mifupa wapatao saba. Hakuna hata mmoja aliyesomea, lakini ukipita unachechemea utaandikiwa dawa kabla hujamaliza kuuliza njia.

Juzi, siku ya upepo ule wa kukata masikio, alipita binti kabeba mtoto wa wiki tatu. Kanga ikafunguka kidogo, miguu ikaonekana: nyayo zimegeukia ndani zinatazamana, visigino vimepanda juu. Kijiwe kikanyamaza kidogo, jambo ambalo kwetu ni nadra kuliko mvua ya Agosti. Halafu maneno yakaanza kumwagika.

"Alikaa vibaya wakati wa mimba," akasema fundi viatu, sindano mkononi.

"Kuna kitu alivuka njiani, huyo."

"Mkande kwa siagi kila asubuhi, mama, itanyooka."

"Mwacheni mtoto wa watu. Akianza kutembea itajinyoosha yenyewe."

Babu mmoja aliyekuwa anasubiri kiatu chake akahitimisha: "Samaki mkunje angali mbichi."

Binti macho chini, midomo ameibana. Hapo ndipo Mama Nesi, aliyestaafu kazi ya wodini na sasa anakunywa chai yake kwa amani, akaweka kikombe chini akasonya. Sisi husonya kwa rejareja. Ule ulikuwa msonyo wa jumla, gunia zima.

"Katika yote mliyosema limetoka neno moja la kweli, na aliyelisema wala hajui kapatia wapi. Ni huyo wa samaki. Mwanangu, njoo ukae hapa."

Akamweleza taratibu, na sisi tukajifanya hatusikilizi. Huo unaitwa mguu kifundo. Watoto huzaliwa nao duniani kote, karibu mmoja katika kila 1,000, na hautokani na mama kukaa vibaya wala kuvuka kitu. Dawa yake haianzi na kisu. Daktari anaunyoosha mguu kidogo kwa mkono, anaufunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, anauacha wiki moja, anaifungua, anaunyoosha tena kidogo, anafunga nyingine. Plasta tano, sita, saba hivi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa ili kisigino kishuke, nayo hujiunga. Kisha vinakuja viatu vilivyogeuzwa nje na kuunganishwa kwa chuma katikati: miezi mitatu ya mwanzo vinavaliwa karibu mchana na usiku, saa 23 kwa siku, baadaye ni vya kulalia hadi mtoto afike miaka minne au mitano. Akina mama wengi hushindwa hapo, kwa sababu mguu umeshanyooka na jirani anasema, "Mvue hivyo vyuma, unamtesa." Akivuliwa mapema, mguu unarudi ulikotoka.

"Njia hiyo aliitengeneza daktari mmoja Mhispania, Ignacio Ponseti, kule Iowa, Marekani, kuanzia miaka ya 1940," akasema Mama Nesi. "Madaktari wenzake walipuuza miaka mingi, wakaendelea kupasua. Kwa hiyo msijione ninyi tu ndio wabishi. KCMC Moshi wanatibu, CCBRT Dar wanatibu. Anzia hospitali iliyo karibu, ulizia miguu kifundo. Wiki hii, si baada ya mavuno."

Dereva wa bodaboda akaona mlango umefunguka. "Basi Mama Nesi, na wangu ana matege. Mwaka mmoja na nusu, akitembea kama anaendesha punda. Nimpeleke naye?"

"Huyo mwache."

Khaa! Kijiwe kikachafuka. Yule akimbizwe, huyu aachwe? Kuna upendeleo gani hapa?

Mama Nesi akacheka. Watoto wengi huwa na matege mpaka miaka miwili hivi. Halafu wanageuka upande wa pili, wakifika mitatu au minne magoti yanagongana. Wakikaribia saba au nane miguu imekaa mahali pake, na hakuna aliyeikanda. Ila ukiona tege ni la mguu mmoja tu, au baada ya miaka miwili linazidi badala ya kupungua, au mtoto analia maumivu, au hakui, hapo usikae.

"Kuna mguu unaosubiri na mguu usiosubiri," akasema. "Kazi ya kliniki ni kukwambia wako ni upi."

Nami hilo ndilo nililoondoka nalo siku ile. Sisi watu wa hapa subira tunayo, tena ya kuuza. Ila tunaigawa kinyume. Pa kungoja tunakimbilia, pa kukimbilia tunangoja. Wahenga walisema subira huvuta heri. Kweli, lakini subira nyingine huvuta mkongojo.

Tazama maswali yanayoulizwa hapa kila siku. Goti likilia kwaa kwaa mtu anainuka, tayari kuna mtaalamu: "Ute umekwisha huo, kula bamia." Maskini bamia! Kwa kuwa inateleza tumeipa kazi ya grisi. Bamia ni mboga nzuri, lakini ikifika tumboni inasagwa kama mboga nyingine, na tumbo halina njia ya panya ya kupeleka utelezi gotini. Goti linalolia bila kuuma wala kuvimba aghalabu ni viputo vya hewa kwenye ute wake, liache lijisemee. Na supu ya kongoro mnayoinywa mnadani kwa jina la "kujenga mifupa"? Inapasha mwili joto, haki yake tusiinyime, lakini kalsiamu yake ni kidogo mno ukilinganisha na kikombe cha maziwa. Hapo wafugaji wa Kibarbaig waliokuwa kijiweni wakatikisa vichwa kwa ushindi.

Ushindi wao haukudumu. "Maziwa, ndiyo," akasema Mama Nesi, "lakini yaliyochemshwa." Akauliza nani ana homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na viungo vinauma, ametibiwa malaria mara tatu na taifodi mara mbili na bado. Mikono miwili ikainuka nusu. Huenda ni brusela, akasema, ugonjwa uleule unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu anaupata kwa maziwa mabichi, au kwa kumzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu. Una vipimo vyake, na dawa zake humezwa wiki sita, za aina mbili kwa pamoja. Ukiacha wiki ya pili kwa kuwa umepata nafuu, unarudi. Mzee mmoja akanung'unika kwamba maziwa ya kibuyu waliyanywa mababu. Mama Nesi akamjibu kwa adabu, maana ni mzee: "Ndiyo baba, na viuno viliwauma. Ila hawakuwa na mtu wa kuwapima."

Lipo lingine ambalo tunalibeba mdomoni mchana kweupe. Tukicheka hapa kijiweni, nusu yetu tunaonyesha meno ya kahawia. Wageni hudhani ni ugoro. Ni maji. Ukanda huu wa Bonde la Ufa, Arusha, Manyara mpaka Singida, una miamba ya volkano, na Hanang wenyewe ni mlima wa volkano. Maji yakipita kwenye miamba hiyo huweza kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi viwango vyetu wenyewe viliruhusu zaidi ya hapo, kwa kuwa ukikaza sana wako watakaobaki bila kisima. Floraidi ikizidi huchafua meno ya mtoto yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi. Ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, viungo vinauma, miguu ya watoto wengine inapinda.

Sasa sikia vituko. Tumefundishwa tuchemshe maji, na ni vizuri kwa vijidudu, lakini floraidi haifi kwa moto. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaizidisha. Na magadi tunayotupia kwenye maharage na makande yaive upesi mara nyingi nayo huwa na floraidi. Dawa ni kupima kisima kabla ya kukizindua, kukinga maji ya mvua, na kuchuja. Kule Ngurdoto, Arusha, kipo kituo cha serikali kilichoshughulikia uchujaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Yaani mfupa wa ng'ombe unaokoa mfupa wa mtu, na sisi tunautupia mbwa.

"Na urefu?" akauliza mama wa banda la chai, sauti chini. "Wangu wa pili wenzake wamempita. Mnadani wanauza dawa ya maji, ya kurefusha."

Swali hilo halina mzaha. Takwimu za nchi za mwaka 2022 zinasema katika watoto 10 walio chini ya miaka mitano, watatu wamedumaa. Na hatuhitaji kwenda mbali kwa ushahidi. Jirani zetu wa Haydom kule Mbulu, hospitali iliyopo tangu 1955, walikuwa kituo kimoja kati ya vinane duniani katika utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa kuona kwa nini hawakui. Walikuta matumbo ya watoto yamejaa vijidudu hata pasipo kuhara. Baadaye wakajaribu njia ya dawa: watoto 1,188, wengine wakapewa dawa za kuua vijidudu, wengine vitamini, wengine dawa isiyo na kitu. Walipofika miezi 18 walipimwa. Urefu uleule! Mama, ikiwa wataalamu na maabara zao hawakupata dawa ya kurefusha, huyo wa mnadani mwenye kipaza sauti kaitoa wapi? Kilichopo ni cha polepole: siku 1,000 tangu mimba hadi miaka miwili, yai, maharage, maziwa yaliyochemshwa juu ya ule uji wa mahindi, maji safi, choo. Na kliniki, si ratili peke yake, waambie wampime na urefu.

Nikafika kwenye lile linaloniuma mimi. Mtoto anaamka na homa, goti au paja limevimba na lina moto, hataki kuukanyagia mguu. Sisi tunasema kaanguka. Tunakanda kwa maji ya moto, tunavuta, tunachua. Huo unaweza kuwa usaha ndani ya kiungo au ndani ya mfupa, na kiungo chenye usaha kinaharibika kwa siku chache, si kwa mwezi. Huyo ni wa leo leo. Mgongo unaouma miezi, mtu anakonda, anatoka jasho usiku, kibiongo kinaanza kuchomoza, hicho chaweza kuwa kifua kikuu kilichohamia uti wa mgongo, na kina dawa, ila ukichelewa miguu huweza kupooza. Na wale mafundi wetu wa kuunga mifupa kwa mabanzi: siwatukani, wako waliowafaa watu wakati hapakuwa na barabara. Lakini banzi likikazwa, vidole vikawa baridi, vikafa ganzi, vikabadilika rangi, fungua saa hiyohiyo ukimbie. Mguu uliovunjika hupona. Mguu ulionyimwa damu hukatwa.

"Tatizo ni hela," akasema dereva wa bodaboda, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka. Kweli ni hela. Nauli, kitanda, shamba la ngano lililobaki bila mtu. Lakini nikawakumbusha asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilipotoka mlimani vikafunika Katesh na Gendabi. Siku ile kuna aliyesema tumkande kwanza? Kuna aliyeshauri tungoje mavuno? Aliyepatikana na mguu uliovunjika alipakiwa kwenye gari lolote lililokuwepo, na hela ilitafutwa nyuma yake. Sasa mfupa wa mtoto ukiharibika taratibu nyumbani, bila mlima kunguruma, ndipo tunakuwa na muda wa kikao.

Zikapita wiki tano. Yule binti akapita tena, mtoto mgongoni, miguu miwili imetoka pembeni ya kanga ikiwa myeupe kwa plasta, imeelekea mbele kama ya watoto wengine. Kijiwe kizima kikageuka. Hakutusalimia. Alitutazama mmoja mmoja, akasonya, msonyo mrefu ulioanzia kwa fundi viatu ukaishia kwangu, akaendelea na safari yake. Haki yake.

Fundi viatu akabaki anaitazama ile miguu mpaka ilipokata kona. Akaweka sindano chini.

"Mama Nesi, vile viatu vya chuma cha katikati, hutengenezwa wapi?"

"Wapo waliosomea. Moshi, palepale KCMC, kuna chuo tangu 1981, TATCOT. Wanafundisha kutengeneza viungo bandia na vyuma vya kunyooshea."

"Na soli yake wanaigeuzaje nje namna ile?"

Hilo Mama Nesi hakulijua. Tukakaa kimya wote, wataalamu saba, kwa kuwa miaka yote niliyokaa chini ya mkaratusi huu, lile lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na mtu ambaye hakuwa na jibu lake tayari mdomoni.