Shangazi Spana Anajibu: Haijafa, Imelala

*Shikamoo shangazi. Nilimchukua kwa mzee mmoja hapa Coventry. Ni wa mwaka 1985, mwembamba, sauti nzito, na nilipomwona tangi lake tu nikaishiwa nguvu. Miezi sita ya baridi amekaa gereji kimya. Sasa asubuhi haamki. Akiamka anakohoa, nikimkazania anazimika. Mafundi wawili wamesema injini ifunguliwe. Niachane naye? Ni Suzuki GSX-R750. – Aliyechoka Kusukuma*

Marahaba, mpwa wangu. Ushauri wa ndoa ulikuwa tayari umeshaiva hadi ulipotaja tangi. Usiachane naye, na hao mafundi wawili wape chai waende zao. Pikipiki yako si mgonjwa wa injini. Ilipotoka, ilikuwa na nguvu farasi 100 ndani ya uzito wa kilo 176 kabla ya kujazwa petroli na oili, wakati wenzake wa cc 750 wengi walikuwa wamevuka kilo 200. Wepesi huo ulitokana na fremu ya alumini na injini isiyo na rejeta ya maji, inayopozwa kwa oili inayorushwa chini ya pistoni na kumiminwa juu ya vyumba vya moto. Chuma kilichotengenezwa kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika hakishindwi na miezi sita ya kukaa kivulini. Kinachoshindwa ni vile vitu laini vinavyokizunguka, yaani petroli, mpira na nyaya.

Anza na petroli. Ikikaa ndani ya kabureta, sehemu yake nyepesi huruka na kuacha ulimbo, na jeti ya mwendo wa chini ina tundu lisilofika nusu milimita. Tone moja la ulimbo huo linatosha kuinyima silinda chakula, nawe una kabureta nne. Ndiyo maana inakohoa ikiwa taratibu. Kisha tazama mipira inayounganisha kabureta na injini: ikishakuwa migumu kama soli ya kiatu, hupitisha hewa ya wizi. Inyunyizie maji injini ikinguruma. Ngurumo ikibadilika, umemkamata mwizi. Mwisho chukua testa. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 au zaidi, na ukipiga resi hadi mizunguko 5,000 isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, kagua soketi na kile kiboksi kinachodhibiti chaji kabla ya kununua betri ya tatu. Kuhusu kelele, ambazo huenda ndizo zilizowatisha mafundi, injini hii haina koti la maji la kumeza sauti. Imekuwa ikigongagonga tangu kiwandani.

*Shangazi, unatetea vizee tu. Chuma huchakaa, na Wajapani nao hukosea. Kwa nini tuamini kwamba kila kosa ni la mpira na ulimbo? – Asiyedanganyika*

Hujadanganyika, na sijasema kila kosa. Honda VF750F ya mwaka 1983 ilianza kula kamshafti zake ikiwa bado kijana, hadi waendeshaji wa Uingereza wakaziita kamshafti za chokoleti. Honda ilijibu mwaka 1986 kwa VFR750F, ambayo kamshafti zake huzungushwa kwa gia badala ya mnyororo. Hata hiyo Suzuki niliyoisifu, mwaka huohuo 1986 ilirefushiwa mkono unaobeba gurudumu la nyuma, kwa sababu toleo la kwanza lilitikisika kwenye mwendo mkali. Lakini angalia makosa hayo yalijulikana lini: ndani ya miaka miwili mitatu. Kosa la usanifu huwa halina subira. Pikipiki iliyofikisha miaka 40 ama ilisharekebishwa ama kosa hilo haikuwa nalo. Zilizokuwa nalo bila tiba zilishageuzwa masufuria. Kwa hiyo leo uwezekano umehama, na shaka ya kwanza iangukie kile chenye umri wa kuoza. Wala huhitaji kuniamini mimi. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, kazi ya nusu saa. Zikikaribiana na kuwa juu, funga mdomo wa anayetaka kufungua injini. Moja ikiwa chini kabisa, basi umenishinda, nami nitakuandikia barua ya pole, maana pete za pistoni za mashine ya zamani hiyo hazipatikani kila duka.

*Shangazi, mimi ni mke wa mmoja wa hawa. Jumamosi nzima yuko gereji. Kwa nini asinunue mpya? – Mjane wa Jumamosi*

Mpya itamsimamisha vizuri zaidi. Breki zisizofunga gurudumu peke yake zinatosha kunishinda hapa, na kwa mtu wa kwenda kazini kila siku kwenye mvua ningemwambia anunue hiyo mpya. Ila mumeo hatafuti usafiri. Anachopata ni mashine ambayo ugonjwa wake unaonekana kwa macho na kupimwa kwa testa ya bei nafuu, bila kuomba ruhusa ya kompyuta. Jumamosi zake zitapungua akiacha kubadilisha spea kwa kubahatisha na kuanza kupima. Na mafuta ya breki ayabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama hajatoka, kwa maana hayo hunywa unyevu wa hewa yakiwa yamekaa tu.

Wewe nisaidie jambo moja. Nenda gereji na tochi, usome ubavu wa tairi, namba zilizo mwishoni mwa msimbo unaoanza na herufi DOT. Zikiwa nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hapo mfiche ufunguo. Asiiendeshe popote, hata dukani kununua tairi.