Nishani kwa Mtumishi Asiyeonekana

Kila mwaka watu huvikwa nishani kwa utumishi uliotukuka, na kila mwaka jina moja hurukwa. Nalipendekeza hapa hadharani. Mhusika haonekani wala hasikiki. Hata joto tunalolilaani mchana ni kazi ya mionzi mingine, yeye anasingiziwa tu. Hajawahi kuomba likizo. Jina lake ni urujuanimno, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na kituo chake cha kazi ni Dodoma.

Tuanze na uhamisho. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ofisi zikajipanga, zikajipanga tena, hadi mwaka 2016 Rais Magufuli aliposema sasa basi, ndipo mafaili yakapakiwa kweli. Safari yenyewe ni kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam. Urujuanimno hutoka kwenye jua, umbali wa kilomita milioni 150, na hufika kwa dakika nane na ushei bila posho ya safari. Tena alikuwa ameripoti kazini zamani, kabla ya kikao chochote kukaa.

Na kituo alikichagua kwa akili. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mapema Oktoba. Tabaka la ozoni linalomchuja ni jembamba kwa asili katika nchi za tropiki. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za mwinuko humwongezea nguvu kwa asilimia 10 hivi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hutusahau karibu kabisa. Kilele cha ustadi wake ni Juni na Julai: upepo wa baridi unavuma, mtu anavaa sweta, anaota jua hadi adhuhuri, na jioni anashangaa kwa nini pua inawaka.

Lakini kazi ninayoihusudu kuliko zote ni ile ya mabango. Kampeni za uchaguzi mkuu hufika kileleni Oktoba, mwezi uleule jua linapotukalia utosini. Mgombea hubandikwa ukutani na mashavu yaliyonawiri na tabasamu la kuahidi maji ya bomba. Kura zinahesabiwa, watu wanarudi makwao, bango halibanduliwi. Hapo urujuanimno huanza kikao chake. Huuvunjavunja wino wa manjano na mwekundu kwanza, wa buluu akaubakiza mwisho, na baada ya miezi kadhaa mheshimiwa anatutazama akiwa na sura ya samawati, macho yamemtoka, ahadi hazisomeki. Hachagui chama. Tawala na upinzani hupauka kwa kasi ileile, ukuta uleule. Nani mwingine nchini anaweza kuapa hivyo?

Viti vya plastiki navyo anavifahamu. Hukikausha kiti kimyakimya mwaka mzima, kisha hukiacha kipasuke siku ya harusi, chini ya mjomba mnene kuliko wote.

Mimea haiwezi kukimbilia kivulini, kwa hiyo imejifunza kujikinga papo hapo. Jani likihisi urujuanimno hutengeneza kemikali za kinga kwenye ngozi yake ya juu. Likizidiwa, vinasaba huharibika na mmea hudumaa. Zabibu za Hombolo, Bihawana na Makutupora hufanya vivyo hivyo kwenye ganda, na sehemu ya rangi na ukali wa divai nyekundu hutokana na kujihami huko. Ukiinua glasi ya divai ya Dodoma, unakunywa kidogo hofu ya zabibu.

Wabaya wake wanasema anakula kazini. Ni kweli. Mama wa Kigogo akianika majani ya mlenda juani ili yamfikishe kiangazi, urujuanimno hushuka na kuonja kabla ya wenye nyumba: huharibu karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wataalamu wa lishe wanashauri mboga zianikwe kivulini. Husuda tu! Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya huyu ni kilomita milioni 150.

Haki yake nyingine nisiifiche. Maji yasiyo na tope, yakitiwa kwenye chupa safi ya plastiki inayopitisha mwanga na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, vijidudu vingi vya kuharisha hufa. Ngozi nayo humtegemea kutengeneza vitamini D. Ila yule bosi wa ofisi za serikali kule Mtumba anayeota jua nyuma ya kioo asidanganyike: kioo huzuia mionzi inayoleta vitamini hiyo, na kuipitisha kwa wingi ile inayoleta makunyanzi.

Limebaki faili moja, nalo limenishinda kulipamba. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ngozi yao haina melanini, ile rangi ya kuikinga na jua, ya kutosha, na saratani huwakuta wengi wangali vijana. Shambani Bahi au Chamwino hakuna kivuli cha kutosha, na jembe halingoji saa kumi. Hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza mafuta ya kujikinga yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, lakini mafuta lazima yafike kijijini, na yaishapo yafike tena. Nimemsifu mtumishi wangu kwa kumtendea kila mtu sawa. Kwa ngozi hizi, kutendewa sawa ndiyo shida yenyewe. Na mwalimu anayemvua mtoto huyo kofia mstarini kwa sababu si sare, anamfanyia urujuanimno kazi bila hata kulipwa.

Nishani apewe. Isitengenezwe kwa plastiki. Sherehe ifanyike Uwanja wa Jamhuri baada ya saa kumi jioni, wageni waje na kofia pana na mikono mirefu, na viti vya kivulini wapewe kwanza watu wenye ualbino, waheshimiwa baadaye.