Sifa za Mwali Aliye Nyuma ya Hita

Nzi alisifiwa na Lucian katika karne ya 2, upumbavu ukasifiwa na Erasmus mwaka 1511, lakini mvujo wa maji moto ndani ya tela la kulala haujapata hata wimbo wa kubembelezea mtoto. Ni dhuluma. Wapo viumbe waliofanya machache kuliko huo wakajengewa sanamu.

Tela lenyewe, kwa asiyelijua, ni nyumba ndogo ya magurudumu ambayo Wamarekani huifunga nyuma ya pikapu na kwenda nayo kambini: vitanda, jiko la gesi, choo, bafu la kuogea mtu aliyejikunja, na ndani ya kabati moja, hita ya maji yenye tangi la galoni 6, yaani lita 23 hivi. Mwandishi wa makala haya na shemeji yake, wakazi wa Ohio, walinunua moja jipya kabisa kwa mkopo. Asubuhi ya tatu kando ya Ziwa Erie shemeji alishuka kitandani na soksi ikalowa. Yalikuwa maji ya vuguvugu. Mgeni alikuwa amepiga hodi.

Sifa yake kuu ni haya. Mvujo huu hauonekani pale ulipozaliwa. Maji hutoka kwenye kiungio nyuma ya hita, hutambaa tumboni mwa bomba, huteremka na fremu, hupenya kati ya zulia la plastiki na ubao wa sakafu, kisha hujitokeza mita mbili mbele, chini ya meza ya kulia, kana kwamba meza ndiyo iliyomwaga. Watu wa pwani wanamjua kiumbe wa tabia hii: ni mwali. Hukaa ndani, hasikiki, na anayetaka kumwona hana budi kutoa ada zake. Kwanza kifungua mlango: skrubu 14 za kabati lililojengwa baada ya hita kuwekwa, bila hata kidirisha cha kuchungulia. Kisha kipa mkono: mkono mzima hadi kwenye kiwiko, ndani ya tundu lililojaa ncha za pini za chuma. Kiosha miguu kilikwisha kutolewa, na aliyekitoa ni shemeji na soksi yake.

Na baada ya ada zote hizo, mwali hageuzi uso. Mwanga wa tochi ukimfikia, hujikausha. Chuma na plastiki hutanuka kwa viwango tofauti vinapopata joto, hivyo kiungio kilicholia usiku kucha hita ikiwa baridi kinaweza kunyamaza kabisa pale mtu anapoiwasha ili akichunguze. Anao pia makungwi wake wawili wa kumsitiri. Mmoja ni sufi ya kuzuia joto, inayonyonya maji bila kutoa neno. Wa pili ni ubao wa sakafu, uliotengenezwa kwa vipande vya miti na gundi, ambao huvimba polepole, kwa staha, mpaka siku kisigino cha mtu kitakapozama.

Sifa nyingine ni za kutajwa kwa kupita. Ni mwadilifu: hulowesha viatu vya mwenyeji na vya mgeni bila ubaguzi. Ni mkarimu kwa kuvu.

Mwenye subira humfichua kwa pampu. Tela hukatwa kwenye bomba la kambi, pampu yake ya volti 12 ikawashwa, koki zote zikafungwa. Pampu nzima huunguruma kidogo, presha ikatimia, ikanyamaza. Ikiunguruma tena kila baada ya dakika chache ilhali hakuna anayenawa, maji yana njia ya kutokea. Hapo hita huzimwa, iachwe ipoe, kisha hugeuzwa zile vali zake za kuikwepesha maji, ambazo kwa kawaida hutumika majira ya baridi ili tangi lisijazwe dawa ya waridi ya kuzuia barafu. Pampu ikilala usingizi, mwali yuko kwenye hita. Kinachobaki ni kukausha kila kiungio na kukifunga tishu. Tishu ya kwanza kulowa ndiyo shahidi.

Yupo pia mwali wa uongo, na huyu hula fedha za wengi. Hita ina vali ya usalama upande wa nje, iliyowekwa ifunguke presha ikifika pauni 150 kwa inchi ya mraba au joto likifika nyuzi 99 za Selsiasi. Lita 23 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya theluthi ya lita, na nyongeza hiyo hupokewa na hewa iliyobaki juu ya tangi. Hewa ikiisha, vali hudondosha matone, na kudondosha ndiyo kazi yake. Dawa haina gharama: zima hita, subiri maji yapoe, funga maji yanayoingia, fungua koki ya maji moto, inua mkono wa vali mpaka mtiririko ukome, kisha urudishe. Hewa imerudi. Fundi wa kwanza aliyeitwa na mwandishi hakufanya hivyo. Aliuza vali mpya. Wa pili naye aliuza nyingine. Sakafu iliendelea kulowa, kwa kuwa mwali wa kweli alikuwa ndani akiwasikiliza.

Lakini mwali haji mwenyewe. Kuna walioleta posa. Matela mengi ya Marekani huundwa kaskazini mwa Indiana, ndani na kandokando ya kaunti ya Elkhart, ambako pia kuna ukumbi wa kuwaenzi watu mashuhuri wa sekta hiyo. Nyumba hii itatikiswa barabarani kwa maelfu ya kilomita. Waundaji wanajua. Ndiyo biashara yao. Halafu nati ya plastiki inayobeba maji moto inakazwa nusu, inafunikwa kwa kabati, na kabati linapigiliwa! Nani hujenga kisima akakizibia mlango?

Mvujo uliripotiwa mwezi wa 11 wa dhamana ya miezi 12. Kampuni ya tela ikasema hita si yake. Kampuni ya hita ikasema bomba si lake. Muuzaji akasema lete, nafasi ipo baada ya wiki saba. Baada ya wiki saba karani akaeleza kwa upole wa hali ya juu kwamba dhamana imekwisha, na kwamba hata ingekuwa hai, sakafu haikuharibiwa na kiwanda bali na maji. Maji! Yaliingia yenyewe, yakajikokota kutoka ziwani?

Si mara ya kwanza mwali huyu kufika mbele ya hakimu. Tangu mwaka 1978 nyumba nyingi za Marekani, zikiwamo za kuhamishika, ziliwekewa mabomba ya plastiki ya kijivu yaitwayo polibutilini, ambayo yalipasuka na kuvuja kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1995 kesi iliyofunguliwa Tennessee ilimalizika kwa makubaliano ya walau dola milioni 950. Wenye nyumba hizo walikuwa na wanasheria. Mwenye tela moja ana karani. Sheria za kumlinda mnunuzi wa gari bovu, katika majimbo mengi, huandikwa kwa ajili ya magari yenye injini, na tela halina injini. Lina mkopo tu.

Kiungio kilipatikana Jumamosi moja, kwa tishu ya tano. Shemeji alibadilisha washa, akakaza nati robo mzunguko zaidi, akamaliza kabla chai haijapoa. Washa ilikuwa haifiki dola moja.

Kwa hiyo msomaji anayekwenda kutazama tela aache kwanza pazia na spika. Apige magoti mbele ya kabati la hita, abonyeze sakafu kwa kidole gumba, kisha amuulize muuzaji mlango wa kumwonea mwali uko wapi.