Prosesa Mpya, Kompyuta Kongwe

Kubadilisha prosesa ni kazi ya kutoa chipu kuu ya kompyuta na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi, na dalili ya kwanza kwamba kazi hiyo imefanyikia nyumbani ni kioo cheusi. Feni zinazunguka, taa ya kijani inawaka, harufu ya vumbi lililopata moto inatanda sebuleni, na kioo hakionyeshi kitu. Katika hatua hii huwa yupo shemeji, ambaye hakualikwa. Shemeji hutazama kasha lililo wazi, hutazama skrubu zilizobaki mezani bila kazi, kisha hutamka maneno ambayo mwenye kompyuta atayasikia hadi usingizini: "Lakini shem, si ilikuwa inawaka?"

Ilikuwa inawaka. Chai iliweza kuchemka na kunywewa kabla ukurasa wa kuandikia haujafunguka, lakini ilikuwa inawaka.

Kompyuta zinazohusika ni zile za mezani zilizonunuliwa na ofisi za Ulaya mwaka 2005 au karibu na hapo, zikachoka huko, zikapakiwa kwenye makontena na kuishia Kariakoo zikiwa zimefutwa vumbi kwa nje. Ndani huwa na Pentium 4. Nyumbani hutumika kwa kazi za shule, hesabu za kikoba na video za harusi, na uzito wake huvumiliwa miaka nenda rudi. Kisha mwenye nyumba hukutana na Core 2 Quad Q6600 ya mtumba ikiuzwa kwa bei ya kuku wa kienyeji. Prosesa hiyo ilitoka Januari 2007, ina viini vinne badala ya kimoja, na soketi yake ni ile ile ya LGA775. Kuanzia hapo hakuna wa kumzuia. Muuzaji ndiye wa mwisho kujaribu.

Soketi hiyo ndiyo mzizi wa msiba wote, kwa hiyo inastahili kuelezwa. Ilianza kutumika 2004, na 775 ni idadi ya ncha za chuma zilizomo. Prosesa yenyewe haina miguu. Chini yake kuna madoa bapa ya dhahabu, na kila doa hulalia ncha yake pale mfuniko unapobanwa kwa wenzo. Umbo hilo halikubadilika kwa miaka kadhaa. Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo ya 2006 na hiyo Q6600 zote hutulia humo bila kulazimishwa, na wenzo hufunga vilevile. Mtu mwenye akili timamu huona tundu moja na vipimo vilevile, akahitimisha kuwa zinaingiliana.

Hazina undugu huo. Prosesa haipokei umeme hivihivi, kwanza huomba. Baadhi ya zile ncha kazi yake ni kutaja, kwa sifuri na moja, volti ambayo prosesa inahitaji, nayo huwa volti moja na ushei tu. Sakiti iliyo kando ya soketi husoma ombi hilo na kutoa umeme kwa kipimo hicho. Kizazi cha Core 2 kilikuja na msimbo mwingine wa kuombea, na bodi nyingi za 2005 haziufahamu. Hata pale umeme unapokubali, hubaki BIOS, ile programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye bodi ambayo huamka kabla ya nyingine zote. Nayo lazima iitambue prosesa. Isipoitambua, inaweza kusimama palepale, tena bila kuaga, kwa sababu ujumbe wa kuaga ungehitaji kioo, na kioo nacho kinasubiri amri ya kuwaka.

BIOS inaweza kusasishwa kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba kompyuta iwe inawaka, maana yake prosesa ya zamani irudishwe ili itambulishe mpya. La pili ni kwamba umeme usikatike katikati, kwa kuwa BIOS iliyoandikwa nusu huacha bodi bila uhai. Mtaani penye mgao wa umeme, sharti hili hutimizwa kwa UPS yenye betri nzima au kwa dua, na betri nzima ndiyo adimu zaidi.

Kurudisha prosesa ya zamani humrejesha mtu kwenye feni, na hapa ndipo heshima ya mwenye nyumba humalizikia. Feni ya prosesa za LGA775 hukaa juu ya kipoza joto cha alumini kinachoshikwa na vishikizo vinne vya plastiki. Kila kishikizo kina pini nyeusi inayoshuka ndani ya mguu mweupe wenye makucha. Makucha hupita kwenye tundu la bodi, pini huingia katikati yake na kuyatanua upande wa pili yasichomoke. Kwenye mchoro ni ubunifu wa kupendeza. Kwenye meza ya chakula, kishikizo cha kwanza hufunga, cha pili hufunga, na cha tatu kinaposukumwa cha kwanza huruka. Maelekezo hutaka visukumwe kwa mshazari, viwili viwili. Vikisukumwa hivyo, huruka kwa mshazari. Nguvu inayohitajika huipinda bodi waziwazi, na plastiki hutoa mlio uleule inapofunga na inapovunjika. Kompyuta huhamishiwa sakafuni, kisha kwenye mkeka, kisha hulazwa ubavu. Mwenye nyumba hutoka jasho, huvua shati, hutaja watengenezaji kwa majina yasiyo yao. Kishikizo cha nne, kwa kawaida, hufungwa na mtoto wa kidato cha pili kwa kidole gumba, akiwa ameshika simu kwa mkono mwingine.

Vishikizo hivyo si anasa. Baadhi ya Pentium 4 za aina ya Prescott zilikadiriwa kutoa joto la wati 115, na lote hutoka kwenye kipande cha silikoni chenye sentimita ya mraba moja na kidogo. Joto hilo lazima livuke kutoka kwenye chuma cha prosesa kwenda kwenye chuma cha kipoza, na hakuna chuma kilicho bapa kweli. Kati yake hubaki mianya isiyoonekana kwa macho, iliyojaa hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Kazi ya ile pesti ya kijivu ni kuifukuza hewa hiyo. Hupakwa kiasi cha punje, kwa kuwa ikizidi nayo hugeuka kizuizi. Dawa ya meno, wakiiweka badala yake, hupakika vizuri, kisha hukauka.

Wakati huo shemeji amekwisha okota prosesa zote mbili na kusoma maandishi yake. Ya zamani ina GHz 3.0, mpya GHz 2.4. Anataka kujua ni kwa nini fedha imetolewa kununua namba ndogo. Jibu lipo, na ni tamu. Prescott iligawa kazi ya kila agizo katika hatua 31, Core 2 katika hatua 14. Ni mithili ya watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani: mstari wa watu 31 hupokezana upesi kwa kuwa kila mmoja husogeza ndoo kidogo tu, na upesi huo ndio unaoandikwa kwenye chipu. Lakini prosesa hukisia njia ambayo programu itafuata na kuanza kazi kabla ya kuhakikisha. Kisio likikosea, ndoo zote zilizo mikononi humwagwa na mstari huanza upya kisimani. Zaidi ya hayo, kila kiini cha Core 2 kinaweza kushika maagizo manne kwa pigo moja, na pigo la GHz 2.4 ni fupi kiasi kwamba mwanga wenyewe husafiri ndani yake sentimita 12 na nusu tu. Shemeji husikiliza yote kwa adabu, kisha huuliza kama kioo kitawaka leo.

Mikasa mingine ni midogo. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi ikichomolewa, tarehe hurudi miaka mingi nyuma na tovuti za benki hugoma kufunguka. Ukingo wa kasha hukata kidole.

Lisilo dogo ni hili: zipo bodi zenye chipseti ya 945G, ileile ya baadhi ya bodi hizo za 2005, zilizotengenezwa baadaye kidogo, zinazopokea Core 2 Duo bila ugomvi. Kwa hiyo haikushindikana. Kampuni iliyounda bodi ilibana matumizi kwenye sakiti ya umeme, ikaacha kutoa BIOS mpya baada ya mnunuzi wa kwanza kuondoka, na orodha ya prosesa zinazokubalika ikafutwa kwenye tovuti yake pamoja na modeli nzima. Mnunuzi wa pili, wa Dar es Salaam, hakuwahi kuhesabiwa kuwa mteja, ingawa ndiye atakayekaa na mashine hiyo muda mrefu kuliko wote. Huo ni ubahili, na anayeulipia si aliyeufanya.

Tena prosesa haikuwa kikwazo kikubwa. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 4 kumaliza nusu mzunguko, na muda huo prosesa ya GHz 2.4 hupiga mapigo milioni 10 ikingoja tu. SSD haina kinachozunguka, huingia kwenye waya uleule wa SATA, na haiulizi bodi ina umri gani. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja anunue hiyo. Prosesa aiache ilipo, na feni asiiguse.