Roboti ya Kufagia, Karibu Tunduma

Jirani yangu hapa Tunduma anataka kununua roboti ya kufagia nyumba. Hongera zake. Maendeleo hayana chama, hata yakija yameviringa kama sahani ya pilau.

Roomba, iliyozipa mashine hizi jina duniani, ilitoka Marekani mwaka 2002, ikiwa na nyumba za sakafu tambarare akilini. Kwetu, malori yakipanga foleni mpakani kuvukia Nakonde, vumbi halisubiri kugongewa muhuri. Linaingia sebuleni bila pasipoti. Kiangazi kikikolea, kitunza taka cha mashine hiyo, ambacho mara nyingi hakifiki hata lita moja, kitajaa kabla haijalifikia kochi la pili.

Ina vihisio tumboni vya kuizuia isidondoke ngazini. Kupanda ngazi haijui. Ikikuta nyuzi za pembeni mwa mkeka inazitafuna, inakabwa, inaita msaada kwa Kiingereza. Uani hatutaitegemea, na matope ya Machi tusiyataje.

Basi mwenye nyumba atatoa ndala, atakunja mkeka, atainua stuli, ataondoa waya wa chaja, kisha aketi kuitazama "ikimsaidia kazi". Dada wa kazi akiomba nyongeza ya mshahara, huambiwa hali ni ngumu. Roboti ikidai betri mpya, tunaagiza haraka, na nauli ya basi tunalipa.

Anunue tu, pesa ni zake. Ila fagio la nyasi asilitupe: umeme ukikatika, lenyewe halina habari.