Farasi 25 na Kisiki cha Mpakani

Watengenezaji wa matrekta madogo hawajawahi kuona mti. Nimetazama picha zao hadi macho yakaniwasha, kwenye simu na kwenye karatasi zinazong'aa ambazo shemeji huniletea kila akirudi Bujumbura. Katika picha zote trekta linatembea juu ya majani mafupi yaliyolala kwa adabu, dereva kavaa kofia safi, anatabasamu. Hakuna mgunga. Hakuna kichuguu. Hakuna hata mbuzi wa jirani. Huyo dereva ningependa aje hapa Luberizi nimkabidhi shamba langu la kule juu, upande wa milima, tuone tabasamu lake litafika saa ngapi.

Shamba hilo lina miembe aliyoipanda babu, mijohoro iliyojiotea yenyewe, migunga isiyopandwa na mtu, mikaratusi niliyopanda mimi kwa ajili ya nguzo, na ile miti minene ya utomvu mweupe ambao tone likikuingia jichoni unaimba nyimbo zote ulizofundishwa na katekista. Na visiki. Visiki nimeletewa na wachoma makala. Huja kwa upole: "Papa, sisi tutakusafishia shamba bure kabisa." Wanaukata mti kwenye urefu wa goti, wanachukua shina, wanachukua matawi, magunia ya makala yanapanda lori kwenda Uvira, mimi naachiwa kisiki. Na kisiki cha mkaratusi hakina haya. Mvua za Oktoba zikikigusa tu kinachipua, penye shina moja panasimama vijiti sita. Hilo ndilo shamba lililosafishwa.

Mgongo wangu umeshakataa jembe, ndiyo maana natafuta trekta. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kila mtu katika bonde la Ruzizi ni bingwa wa matrekta, hasa wasiokuwa nalo. Mabingwa wakuu ni wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Kiliba. Kiwanda kilisimama mwaka 1996 vita vilipoingia, lakini ukiwasikiliza utadhani wametoka zamu jana jioni. Kwao, trekta lisilovuta matela ya miwa ni kitu cha kuchezea watoto. "Mwanangu, chukua kubwa. Dogo litakuaibisha." Nawaheshimu wazee wangu. Lakini Kiliba ni tambarare na miwa ilipandwa kwa mistari. Hilo kubwa litapitaje kati ya miembe miwili ambayo babu aliipanda ipeane kivuli? Likiingia halitoki mpaka nikate mmoja, na siku nitakayokata mwembe wa babu, shangazi zangu wote watahamia kwangu kulia, na watalia wakila.

Kwa hiyo nataka dogo. Farasi 25 hivi wanatosha, magurudumu yote manne yavute, tumbo liwe limeinuka, na chini ya injini kuwe na bamba la chuma ili kisiki kisitoboe pale oili inapokaa. Matairi yawe manene, maana mwiba wa mgunga hauulizi tairi limetoka nchi gani.

Shemeji, anayependa historia kuliko kulipa madeni, ananiunga mkono. "Shemeji, trekta dogo limefika Ncha ya Kusini ya dunia!" Na ni kweli. Tarehe 4 Januari 1958, Edmund Hillary, yule wa mlima Everest, alifika huko na wenzake juu ya matrekta ya Ferguson yasiyofika farasi 30. Nikamuuliza kwenye barafu kulikuwa na visiki vingapi. Akanyamaza kidogo, akaagiza soda nyingine kwa hesabu yangu.

Huyo Ferguson mwenyewe, mtu wa Ireland, sina ugomvi naye. Zamani plau ilikuwa inakokotwa nyuma ya trekta tu. Ikikwama kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma hayataki kusimama, pua inapanda juu, na trekta linamlalia dereva. Ferguson akabuni mikono mitatu ya kushikia plau, miwili chini na mmoja juu. Sasa plau ikikwama, ule mkono wa juu unasukuma mbele na pua inabaki chini. Karibu matrekta yote madogo ya leo yana mikono hiyo, na mtu mwenye visiki asinunue lisilo nayo.

Ila akili ya Ferguson haikumfikiria mpwa wangu. Mpwa wangu hajawahi kukalia trekta, lakini tayari ana mpango: tufunge mnyororo kwenye ule mkono wa juu, tung'oe visiki vyote Jumamosi moja. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli, trekta linapinduka kinyumenyume kabla hujamaliza kumwita mama yako. Hufungwa chini kabisa, kwenye ndoano ya chini, na juu ya kiti kuwe na lile tao la chuma la kumkinga dereva, na mkanda ufungwe. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa nini trekta lake halina tao. Akanieleza kwa fahari kwamba amelikata ili dereva apite vizuri chini ya matawi.

Wanaosema natishwa na visiki bure, wavuke ziwa waulize. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kufyeka pori la Kongwa, Tanganyika, ilime karanga. Wale hawakuwa na farasi 25. Walianza na matingatinga na matrekta yaliyobaki vitani, mengine yameokotwa Ufilipino yakiwa yamechoka tayari. Hayo yalipowalalia njiani wakaleta vifaru, ndugu msomaji. Vifaru vya Sherman, vilivyotengenezwa kupigana na Hitler, vikageuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikapewa jina la Shervick. Hitler alikuwa ameshindwa, lakini kichaka cha miiba cha Kongwa hakikupata habari hiyo. Mizizi ilipinda vyuma. Mibuyu ilisimama palepale, na nyuki waliokaa ndani yake walikuwa na maoni yao kuhusu maendeleo. Hata palipofyekwa, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukagoma kuachia karanga. Mwaka 1951 wakafunga daftari, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda. Mimi hapa nina pesa za misimu kadhaa ya mpunga, na kijana wa dukani ananiambia, "Mzee, kwa miti yako hiyo hili la farasi 25 linatosha kabisa."

Bukanga Lonzo yetu, lile shamba kubwa la serikali la 2014, hata silitaji, hekta 80,000. Kule ni savana, visiki havikuwa kisingizio, na bado lilishindwa.

Yako pia matrekta madogo ya Kijapani yaliyokwishatumika, Kubota, Yanmar, Iseki, yanayopitia bandari ya Dar es Salaam. Hayo yalinivutia kweli. Ni mafupi, yanageuka mahali padogo, na mengi huja na visu vya kuzunguka nyuma vilivyotengenezwa kwa majaruba ya mpunga, na mpunga Luberizi tunao. Tatizo ni kwamba visu hivyo vikikutana na mzizi wa mjohoro vinajisokotea mzizi wote mpaka vinasimama, halafu ni wewe na panga lako, chini, umelala chali, unakata. Tena maandishi kwenye kila kitufe na kila wenzo ni ya Kijapani. Fundi wetu amenitoa wasiwasi: atabonyeza kimoja kimoja aone kinafanya nini.

Linabaki trekta la mkono, la magurudumu mawili, ambalo Watanzania huliita pawatila. Unatembea nyuma yake umelishika mapembe. Injini ni ya mazutu, silinda moja, ya Kichina, farasi 12 hivi, inawashwa kwa hendeli na maombi. Lina sifa moja inayozidi picha zote zinazong'aa: injini za namna hiyo ndizo zinazotusagia mihogo. Fundi yeyote wa mashini kutoka Kamanyola hadi Uvira anaijua kwa mlio tu, na ringi zake utazipata hata mpaka wa Kavimvira ukiwa umefungwa. Likikutana na kisiki, hata hivyo, mapembe yanaruka juu na kukupiga mbavu. Na spea za mbavu hazipatikani Uvira wala Bujumbura.

Msidhani basi kwamba watu wananiuliza habari za visiki. Swali la kwanza la kila mtu ni hili: tela linafungwa wapi?

Mjomba ana matofali yake yaliyochomwa tangu mwaka jana. Shangazi ana magunia ya mpunga ya kupeleka sokoni. Shemeji amegundua kwamba mchanga wa mtoni una bei nzuri. Kwaya ya akina mama inataka kwenda Sange kuimba, na wamenihakikishia kwamba ni wembamba. Mtu mmoja, simtaji, alinivuta pembeni kwenye matanga akaniuliza kama jeneza linaweza kulala sawasawa. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno kulima. Mwenye pikipiki hubeba abiria mmoja, wakizidi watatu. Mwenye trekta hubeba ukoo, na ukoo utachangia mazutu "tukirudi."

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2009 Tanzania ilitangaza Kilimo Kwanza, na pawatila zikamiminika wilayani. Nyingi zilikutana na udongo mgumu zikashindwa kuupasua, zikafungwa matela, zikawa zinabeba kuni, maji, matofali na wakwe. Walisema ni makosa ya mpango. Mimi nasema ni shangazi.

Halafu nitoke na tela hilo kwenye barabara ya taifa namba 5. Kila penye kamba iliyokingama barabarani kuna kijana wa kutaka kujua: hili ni gari au ni jembe? Likiwa gari, lilipe cha gari. Likiwa jembe, linafanya nini barabarani? Ukitoa jibu lolote kati ya hayo mawili unalipa, na ukikaa kimya unalipa cha kukaa kimya.

Mama watoto, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa pesa za mpunga, alisikiliza hesabu zangu zote za farasi na mikono mitatu, akauliza jambo ambalo hakuna karatasi ya muuzaji inayolijibu. "Siku ya kukimbia, hilo nani atalibeba?"

Katika bonde hili hakuna anayecheka akiulizwa hivyo. Jembe unalitia begani, sufuria kichwani, mtoto mgongoni, unaenda. Trekta linabaki, na ukirudi humkuti aliyebaki nalo. Nikamwambia trekta la mkono linaweza kutembea pamoja nasi.

"Kwa mwendo gani?"

"Barabara ikiwa nzuri, kilomita 15 kwa saa."

Alifikiri kwa makini, nikaona nimemshinda. "Basi lazima liwe na tela," akasema.

Tumekubaliana tununue la mkono, lakini visiki vitangulie. Vijana wa hapa huving'oa kwa shoka, panga na moto. Bei ni kwa kisiki: cha mkaratusi kina bei yake, cha mgunga kina bei yake, na kichuguu wanakihesabu kuwa kisiki kwa sababu, wanasema, nacho kina mizizi. Nililipa. Kazi ikaenda vizuri mpaka walipofika kwenye kisiki cha mpakani.

Kwetu anayepanda mti ametangaza kwamba ardhi ni yake. Ndiyo maana aliyekodi shamba huachwa apande mihogo na mahindi anavyotaka, lakini akionekana na mche wa mwembe mkononi anafukuzwa jioni hiyohiyo. Sasa jirani yangu, aliyekaa kimya siku wachoma makala walipouangusha mti wenyewe, akaja mbio akapanda juu ya kisiki, akakikalia. Hicho ndicho mpaka, akasema. Nikamwambia mpaka uko hatua mbili upande wake. Akaapa kwamba kisiki hicho kilipandwa na marehemu baba yake. Sijawahi kuona mtu akipanda kisiki, lakini marehemu ni marehemu, nikanyamaza. Vijana wakakaa kivulini, wakaniambia kwamba kungoja nako kuna bei.

Ikabidi nimpigie simu chifu wa kijiji aje kuamua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza habari za mama watoto na mpunga, akasema atakuja kwa moyo wote, hata kesho asubuhi, ila magoti yanamsumbua.

"Mtakuja kunichukua," akasema. "Nasikia mna trekta."